Mkono Juu ya Boneti

Fundi alimsalimia mwenye gari, akauliza habari za nyumbani, akalalamikia joto la Dar kama kila mtu anavyolilalamikia, na muda wote huo mgongo wa kiganja chake ulikuwa umetulia juu ya boneti, vile mama anavyompima mtoto homa. Salamu zilipoisha akatugeukia mimi na mpwa wangu. "Hii imewashwa," akasema.

Mwenye gari akacheka. Aliipasha kidogo tu, ili wageni wasisubiri. Fundi naye akacheka, akamshukuru, akamwambia tutarudi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, "na nakuomba bosi wangu, usiiguse." Tulitoka Mwananyamala mpaka Tegeta na foleni yote ile, tukakaa pale dakika nne.

Njiani mpwa wangu alinuna. Ana miaka 27 na ugonjwa wake una jina: Subaru Impreza isiyo na buti, zile zilizoanza kutoka Japani mwaka 2007, S-GT, za tabo, gia za mkono. Injini ya sisi 2,000, nguvu farasi 250, ndani ya kigari cha milango mitano unachoweza kupakia mchele wa mama na shangazi wawili. Wenyewe wanaziita hachibaki. Sisi wa umri wangu tunaikumbuka ile yenye buti, ya bluu na rimu za dhahabu, ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na nadhani hapo ndipo mapenzi ya Subaru yalipoota mizizi huku kwetu. Kijana alikuwa bado hajazaliwa, lakini ugonjwa ameurithi mzimamzima.

Shida ni kwamba gari la namna hii huzeeka kwa vijana kuliko kwa miaka. Limepita mikono mitatu, minne, na kila mkono ulikuwa na haraka. Huyu kaongeza ekzosi pana, yule katoa sailensa, mwingine kaiweka sauti ya *pshii* inayosikika gia ikibadilishwa. Halafu wote, kwa zamu, wameandika tangazo lile lile: gari safi, injini haijaguswa, ni kuwasha na kuondoka, bei inazungumzika.

Ndiyo maana nilimleta fundi. Mimi nilishawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia: sedani nyeupe inayong'aa, niliyoinunua kwa macho na kwa maneno matamu. Wiki ya tatu ikachemsha maji Chalinze, na aliyeifungua akakuta gasketi ya silinda hedi imepakwa gundi ya silikoni kama mtu anayeziba bomba la jikoni. Tangu siku hiyo sinunui hata pikipiki bila mtu huyu.

Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, shati la mikono mirefu hata mwezi wa pili. Alijifunzia kwenye Peugeot 504, na bado anazitaja kama mtu anavyomtaja mke wa kwanza. Gereji yake ni mwarobaini mmoja, benchi moja na shimo lililojengewa zege. Kwenye kukagua gari haendi na vitu vingi: tochi, bisibisi ndefu, kioo kidogo chenye mpini, kipande cha sumaku alichokifunga kwenye kitambaa, na futi ya fundi cherehani, ile ya njano ya sentimita 150, iliyoungwa na nyingine kwa gundi ya karatasi. Hiyo futi tutaifikia.

*

Asubuhi ya pili boneti ilikuwa baridi na ina umande. Fundi alimwomba mwenye gari awashe mwenyewe, yeye akasimama mbele upande wa kushoto, jicho limefungwa. Injini ya Subaru si kama ya Toyota ya jirani. Pistoni zake zimelala, mbili huku na mbili kule, zinatupiana ngumi kwa mlalo; kampuni imeshikilia mpangilio huo tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966. Faida yake ni uzito kukaa chini na gari kushika kona. Hasara yake ni kwamba ikiwa baridi ina mengi ya kusema, na aliyeipasha kabla hujafika amekunyima kuyasikia.

Ikagonga. *Tak-tak-tak*, kavu, kama mtu anayebisha mlango wa bati kwa ukucha. Mpwa wangu akaniangalia. Fundi alinyoosha mkono bila kufumbua macho, maana yake tulieni. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, mpini ukagusa mfupa ulio nyuma ya sikio, akasikiliza kushoto, akazunguka, akasikiliza kulia, akarudi. Tulisimama hivyo dakika saba hivi. Kadiri injini ilivyopata joto mlio ukawa unafifia, mwisho ukaisha.

Baadaye alinieleza. Pistoni iliyolala na kulika kidogo hupigapiga ukuta wa silinda ikiwa baridi. Ikipata joto inatanuka, inajaa nafasi yake, inanyamaza. Mlio huo unaudhi lakini gari linaweza kuishi nao miaka. Rodi ikilika ni kinyume: asubuhi inaweza kukaa kimya, halafu ikishapata moto oili inakuwa nyepesi, na ukikanyaga ndipo inaanza kugonga, nzito, kutoka chini. Ya kwanza unaipatanisha kwenye bei. Ya pili unaaga kwa heshima. Mwenye gari aliyeipasha jana alikuwa anaficha tatizo dogo kwa njia inayowatisha watu kuliko tatizo lenyewe, na fundi alimhurumia kwa hilo.

Alipofika upande wa kushoto kwa nyuma, karibu na ukuta wa kibini, alikaa muda mrefu zaidi. Pale ndipo ilipo silinda ya nne. Kwenye familia hii ya injini ndiyo inayoteswa na joto kuliko wenzake, na mafundi wa Subaru huianza hiyo. Akatoa plagi zote nne, kazi ya kulaani, maana zimejificha ubavuni na mkono wa mtu mzima unapita kwa kuomba. Akapima mgandamizo wa kila silinda. Namba zenyewe hakuzijali sana, alitaka zifanane. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna silinda inayowabeba wengine au inayobebwa. Zilifanana.

Hapo mpwa wangu alishaanza kutabasamu. Mimi pia. Fundi akatoa futi.

Akapiga magoti kwenye vumbi, akaizungusha tairi ya mbele kushoto katikati kabisa ya kashata zake, akabana kwa kidole gumba, akasoma. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Mwenye nyumba jirani, aliyekuwa anapiga mswaki ukutani, aliuliza kama gari linashonewa suruali. Fundi alijibu ndiyo, na kiuno cha mbele kimezidi.

Mtu wa kawaida akiangalia tairi anatafuta kashata na anaridhika. Akiwa makini sana ataangalia na tarakimu nne za ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa Subaru hiyo haitoshi. Magurudumu yote manne yanavuta, na ndani ya giaboksi kuna difu ya kati inayoyapatanisha. Tairi ya 205/50 ya inchi 17, mzunguko wake ni karibu mita 2. Kampuni inataka zote nne zipishane isizidi robo inchi kwenye mzunguko, yaani milimita 6 hivi. Sasa chukua tairi mpya mbili zenye kashata za milimita 8, uziweke mbele, uache nyuma za zamani zilizobaki milimita 3. Tofauti ya milimita 5 ukiitazama ni kitu cha kudharau, lakini kwenye mzunguko inakuwa milimita 31. Kila gurudumu likimaliza raundi, mbele na nyuma wamegombana kwa sentimita 3, na kutoka Dar mpaka Morogoro ugomvi huo unarudiwa mara elfu tisini na kitu. Difu ya kati ndiyo inayoamua kesi zote hizo, mpaka inaungua.

Kwa hiyo fundi akakaa kwenye usukani, akaukata mpaka mwisho, akaliachia gari lijizungushe polepole uani bila kukanyaga mafuta. Lingekuwa zima lingeteleza kama pia. Lile lilikuwa linaruka, linashika, linaachia, linashika, mithili ya mbuzi anayevutwa kwa kamba. Alizunguka mara mbili tu. Akazima, akamkabidhi mwenyewe ufunguo kwa mikono miwili, akamwambia injini yako nzuri, usimwamini atakayekuambia vingine, ila mtu amekufungia tairi mbili mpya na kukuulia difu. Yule kaka hakukasirika. Alishika kichwa. Tairi alizinunua mwenyewe mwezi uliopita, ili gari lipendeze sokoni.

*

Gari la pili lilikuwa Tabata, jeusi, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya.

Kwa nje lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Fundi alipitisha kiganja kwenye milango kama anayefuta vumbi, akiinama kuuangalia mng'ao wa rangi kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Sumaku ikanata kila mahali. Puti ingekuwa nene isingenata. Akasoma alama kwenye kona ya kila kioo, na namba ya gari iliyochorwa juu yake: mwizi wa vioo amekuwa mwalimu wetu Waafrika Mashariki, kila anayenunua gari huchora namba, na kioo kisicho na namba kimekuja baada ya wenzake. Vyote vilikuwa nazo. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa zulia, akatoa tairi ya akiba, akaingia kichwa na tochi. Kwenye gari lisilo na buti hapo ndipo penye siri, kwa kuwa anayekugonga nyuma hana pa kupitia ila sakafu. Bati la kiwandani limeunganishwa kwa vidoti vya mviringo vilivyopangana; lililonyooshwa lina mawimbi, na vidoti vyake vimesagwa au vimefunikwa na rangi ya brashi. Akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kutafuta mstari wa tope ulioachwa na mafuriko. Hakuna.

Akawasha. Tulivu. Akaenda nalo Goba na milima yake, gia ya tatu, mwendo mdogo, akakanyaga mpaka chini ili klachi ijisaliti kama inateleza, haikuteleza. Akaachia mafuta ghafla kwenye mteremko, macho kwenye kioo, akisubiri moshi wa bluu. Haukuja. Akasuka gari kushoto na kulia kusikiliza kama mvumo wa beringi unabadilika. Kimya. Tuliporudi aliinama chini ya bampa ya mbele akanusa. Subaru nyingi huvujisha oili juu ya ekzosi, na pua inajua kabla ya jicho. Akaukagua na mpira wa ndani wa sivi jointi ya kulia, uliokaa jirani na moto wa ekzosi na ambao ndio hupasuka kwanza. Mzima. Akalegeza bomba la intakula, akaingiza kidole, kikatoka na utando wa oili tu. Utando ni kawaida, dimbwi ndilo baya.

Dashibodi ilisema kilomita 89,000. Kwa gari la mwaka 2008 hizo ni chache, ila haziko nje ya akili. Mwenye gari, mama mmoja mtaratibu, alisema ndivyo alivyolinunua na anaendea kazini tu. Nilimwamini. Namwamini mpaka leo.

Fundi aliomba maji ya kunywa. Alikunywa ameinama, glasi mkononi, macho ndani ya boneti, na nikadhani amemaliza. Kisha akarudisha glasi, akachukua kile kioo chenye mpini na tochi, akamulika mbele ya injini, upande wa chini wa kifuniko cha taimingi belti, mahali ambapo uchafu wa miaka umeganda. Akatema mate kwenye kitambaa, akasugua kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, vile unavyomfuta mtoto aliyelala tongotongo. Ikatokea stika. Ndogo, ya samawati iliyopauka, maandishi ya Kijapani.

Fundi hajui Kijapani. Anajua vile viwili tu vya mwanzo kwa sura, kama unavyomjua jirani usiyemjua jina. Alituonyesha kwenye kioo, herufi zimegeuka. "Hii ni miaka ya mfalme wao," akasema. "Hapa 28. Ukiona hivi viwili, jumlisha 88, mia itupe." Ishirini na nane na themanini na nane, mia na kumi na sita. Mwaka 2016. Ndivyo ilivyo kwa enzi ya Heisei, iliyokwisha mwaka 2019. Gereji za Japani zikibadilisha taimingi belti hubandika tarehe na kilomita, na kwa injini hii belti hubadilishwa kwenye laki moja hivi. Mstari wa pili ulikuwa na namba, na namba zao ni hizi hizi zetu: 104,312.

Gari lililotembea kilomita 104,312 mwaka 2016 huko Japani lilikuwa limesimama Tabata likisema 89,000.

Hakuna aliyesema kitu. Nilimtazama fundi nikitegemea ushindi usoni mwake, kwa sababu mimi ningeutoa. Alikuwa anaifuta stika ile tena, taratibu, kingo zake zisibanduke. Kisha akamgeukia yule mama na kumuuliza kama anayo karatasi iliyokuja na gari, ile ya mnadani yenye mchoro wa gari na vialama. Hakuwa nayo; aliyemuuzia alimwambia imepotea bandarini. Karatasi hiyo ingesema yote: kilomita, alama ya hali ya gari, A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, W kwa palipotengenezwa, na ile R ya gari lililopata ajali likajengwa. Ndiyo maana hupotea bandarini.

"Mama, gari lako ni zima," fundi akamwambia. "Lina umri mwingine tu. Uliuziwa hivyo." Akamshauri akaangalie bei upya kabla mteja mwingine hajamwita mwongo.

Nimekuwa nikifikiria ukaguzi huo. Kila kitu alichokigusa kabla ya stika kilikuwa kinasema kweli. Rangi kweli, bati kweli, injini kweli, mama kweli. Mtu mwenye ujuzi wa kutosha angesimama hapo na tungemlipa kwa furaha. Huyu alikuwa bado hajaridhika, na nilipomuuliza kwa nini, alifikiri sana. Pedali, akasema mwishowe. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika upande wa kushoto mpaka mistari imefutika, na usukani ulikuwa na upara pale saa tatu. Miguu ya elfu themanini na tisa hailambi mpira namna ile. Alikuwa ameliona hilo saa nzima kabla, alipoingia kuwasha, na alilibeba moyoni bila kulisema, akitafuta kitu cha kulithibitisha. Pedali peke yake ni tetesi, na hakutaka kumvunjia mtu heshima kwa tetesi.

*

Tulinunua la tano. La tatu lilikuwa na ile *pshii*, na fundi alimweleza kijana mwenyewe kwamba hewa anayoitupa nje imeshahesabiwa na kompyuta, kwa hiyo kila akibadilisha gia injini inapewa petroli ya hewa isiyokuwepo. Kijana akasema lakini inasikika vizuri, nikaona wana haki wote wawili. La nne kadi ilikuwa na jina la mtu aliyeko safari isiyojulikana mwisho wake. Tuliondoka hata boneti haijafunguliwa.

La tano ni la fedha, rimu zimekwaruzwa, kilomita 131,000 zilizoandikwa waziwazi, karatasi ya mnadani ipo, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha gari. Limegongwa bampa ya nyuma, likanyooshwa vizuri. Lina mlio wa asubuhi, mdogo. Tairi nne za siku moja. Mpwa wangu alikuwa amechoka kiasi kwamba hakushangilia. Alilipa, tukaangalia deni la faini kwa namba ya gari, likawa halina, tukaenda kuanza habari za kubadilisha jina.

Jumamosi iliyofuata liliingia kwenye shimo, chini ya mwarobaini. Belti ya zamani ilitoka na nyufa nyembamba mgongoni, ikafungwa mpya pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa ukishafungua huko hurudi tena kwa senti tano. Fundi alipomaliza alikata kipande cha gundi ya karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe, kilomita, na neno BELTI, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba na mwandiko wake haujawahi kumwaibisha. Hili nalo lilikuwa na stika yake ya Kijapani kwenye kifuniko, imepauka. Mpwa wangu, aliyekuwa anapangusa injini ing'ae, alinyoosha kucha aibandue. Fundi alimpiga kofi dogo la mkono, akabandika yake chini ya ile, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote ikatoka.